Sahani ya Karla

Verlyn Tostrud aliuza ng'ombe wake wote majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, na tangu hapo hakuna aliyemwacha apumue. Baba yake alikamua, babu yake alikamua, na yule wa kwanza aliyetoka Norwei na sanduku moja la mbao naye alikamua. Yeye ndiye aliyelifunga zizi. Aibu hiyo peke yake ingemtosha mtu mzima, lakini Verlyn akaongeza nyingine juu yake: akaanza kulima maziwa.

Ndiyo, kulima. Kampuni moja ya California ilimletea mbegu za soya zilizopandikizwa vinasaba vya ng'ombe, soya ambayo ikikomaa huwa na ile protini ya maziwa inayofanya jibini ivutike. Kwa macho ni soya tu. Uichanganye na ya jirani, hata aliyeipanda hataitambua. Huko kiwandani wanaisaga, wanaitoa ile protini, wanatengeneza jibini, na hakuna ng'ombe aliyeguswa chuchu.

"Verlyn, hebu tuambie," Duane Skaar alimwuliza kwenye duka la vipuri, mbele ya kadamnasi, "leo umekamua ekari ngapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Verlyn naye akacheka, maana sisi wa Iowa ya kaskazini mtu akitaniwa hucheka, na akiumia hunywa kahawa. Siku hiyo alikunywa kahawa nyingi. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Arlys, kwamba Duane ni mpumbavu, kisha akakaa kwenye zizi tupu mpaka chakula kikapoa.

Basi ikafika vuli, soya ikakauka, na wiki hiyohiyo Orrin Haugse, jirani wa ng'ambo ya barabara, akaanguka kwenye ngazi ya ghala lake la bati akavunjika nyonga. Kwetu jambo kama hilo halina kikao. Mtu akiugua na mazao yako shambani, majirani huja na mashine zao, huvuna siku moja, hula, huondoka. Hakuna anayeombwa. Atakayeombwa ameshajiaibisha. Wakapatana iwe Jumamosi.

Ijumaa jioni Verlyn alimaliza kuvuna shamba lake mwenyewe la soya ya maziwa. Sasa, kampuni ilikuwa na sharti moja ililolisisitiza kuliko yote: kombaini, ile mashine ya kuvunia, isitoke kwenye shamba lile kabla haijafunguliwa milango yote na kupulizwa kwa upepo wa kompresa kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu punje hujificha. Hujificha kwenye mikanda, kwenye mabomba, nyuma ya sahani za chuma, mahali ambapo hata mwenye mashine hapajui. Ni kazi ya nusu siku, chafu, inayokujaza vumbi mpaka masikioni.

"Umeipuliza, Bwana Tostrud?" dada wa kampuni alimwuliza kwa simu.

"Kesho asubuhi," alisema Verlyn.

Asubuhi alipotoka nje aliona mashine za wenzake zimeshajipanga ng'ambo ya barabara, na upande wa magharibi wingu limekaa vibaya. Wote walikuwa wanamsubiri yeye, kwa kuwa kombaini yake ndiyo kubwa kuliko zote, aliinunua kwa fedha za ng'ombe wake. Akafungua mlango mmoja, akapuliza kidogo, vumbi likaruka, akaufunga. Punje chache tu, akajisemea. Punje chache zitamdhuru nani? Na tuseme ukweli wote, si mvua tu iliyomharakisha. Alitamani kuonekana. Mwaka mzima alikuwa kichekesho, na leo alitaka aingie shambani kwa Orrin wakimtazama, asiwepo wa kucheka.

Akapata alichokitaka. "Haya, mkamua mbegu kafika!" Duane alipiga kelele. "Tufungulie shamba, bwana mkubwa. Sisi wa mashine ndogo tutafuata nyuma kama vifaranga."

Orrin alikuwa ukingoni mwa shamba kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, akipunga kofia. Pembeni yake alisimama binti yake, Karla, aliyerudi kwa baba yake na mtoto mmoja baada ya ndoa yake kuvunjika. Huyo Karla ni Verlyn aliyemfundisha kukamua alipokuwa na meno ya mbele yameng'oka, na ndama wake wa kwanza alitoka kwenye zizi la Verlyn. Mtoto wake, Britta, alikuwa darasa la kwanza, na kila mtu kanisani alijua habari yake: maziwa hayagusi. Tone tu, na koo linamfunga. Hata kwenye kahawa ya baada ya ibada, mtoto huyo alikuwa na meza yake peke yake na kikombe chake peke yake.

Verlyn alikata mzunguko wa kwanza, akamwaga soya kwenye tela, akageuza mashine akarudi kazini. Akiwa juu kwenye kibanda chake, macho kwenye wingu, hakuona Duane akikinga ndoo chini ya bomba. Desturi ya ndoo ile hakuijua. Wakati wa mavuno kila mtu huwa shambani kwake, nani atajua ya mwenzake?

Adhuhuri wakala ndani ya banda la mashine, mbao zimelazwa juu ya mapipa. Kulikuwa na mikate ya nyama ya nguruwe, viazi vya kuoka kwa krimu, na pai za tufaha zilizopikwa na Karla tangu alfajiri. Karla akaja na kipande kikubwa, akakiweka mbele ya Verlyn.

"Hiki chako. Aliyefungua shamba hali kipande cha kawaida."

"Aa, Karla, mimi nani bwana."

"Kula. Na Britta anakushukuru. Ndoo yake mwaka huu imetoka kwenye tangi la mashine yako."

"Ndoo gani?"

"Ya soya. Kila mavuno baba humtolea ndoo ya kwanza kabisa, mwaka huu Duane kamkingia, nami namtengenezea maziwa yake. Ya dukani siyaamini. Nimeshaloweka za kesho."

Verlyn aliacha kutafuna. Ndoo ya kwanza! Ndoo ya kwanza ndiyo iliyobeba kila kilichokuwa kimejificha tumboni mwa mashine. Matela yote yaliyofuata huenda yalikuwa na punje moja hapa na moja pale, lakini ile ya kwanza ilikuwa yake, soya ya maziwa kabisa, na imeshawekwa kwenye maji kwa ajili ya mtoto asiyeweza kugusa maziwa. Akafungua mdomo.

Hapo hapo mkono wa Duane ukatua begani kwake. "Jamani, nisikilizeni! Huyu mzee nimemcheka mwaka mzima. Leo kavuna nusu ya shamba peke yake. Nayafuta maneno yangu, hata lile la ekari."

Wanaume wakapiga mbao kwa viganja vyao. Orrin kwenye kiti chake alipiga kuliko wote, macho yamemlowa. Verlyn alikuwa ameisubiri sauti hiyo tangu siku lori la ng'ombe lilipotoka uani kwake. Akaufunga mdomo wake, akatabasamu, akameza pai.

Alijiapiza kwamba atamwambia Karla faraghani. Mvua ikawapita, wakavuna mpaka wakamaliza, na mashine ya mwisho ilipozimwa Verlyn akaenda mpaka baraza ya nyuma ya nyumba ya Orrin. Ndoo ilikuwa pale. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaimwaga nyuma ya pikapu yake, akaijaza soya ya tela la mwisho, akairudisha ilipokuwa. Baada ya hapo akaingia jikoni.

Bakuli lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa cheupe, na soya imeshaanza kuvimba ndani ya maji. Verlyn akaweka mkono juu ya meza, karibu nalo. Karla alikuwa kwenye sinki, amempa mgongo. Akageuka.

"He! Umepotea, Verlyn? Choo kiko kule."

"Natafuta kijiko."

"Kijiko cha nini?"

"Cha pai."

Karla akacheka. "Ukiishiwa maneno wewe unakuwa kama Britta." Akachukua pai iliyobaki, ikiwa bado kwenye sahani yake ya kioo, ile iliyobandikwa utepe chini wenye jina lake, akaifunika vizuri na kumkabidhi. "Mpelekee Arlys. Sahani utanirudishia."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa fupi tu: zimwage. Lakini angelisema, lingefuata lile la mashine, na lile la kompresa, na vile viganja vilivyopiga mbao vingegeuka kuwa vidole vya kumnyooshea. Si atazichemsha? alijiambia. Moto huua kila kitu. Na huyu alikuwa mtu aliyezaliwa zizini, aliyejua kuliko sisi sote kwamba maziwa ukiyachemsha hubaki maziwa.

"Asante, Karla," alisema, akatoka na sahani.

Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, mchungaji alisimama akaomba watu wamwombee Britta. Ambulensi ilimchukua asubuhi. Mama yake alimchoma ile sindano ya dharura pajani, wakawahi, mtoto anapumua, lakini uso ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Verlyn aliinamisha kichwa pamoja na wengine. Wengine walikuwa wanasali. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake, na alitamani sakafu ifunguke imchukue, yeye na viatu.

Baadaye, kwenye kahawa, wanawake walikuwa wameshapata jibu.

"Ni zile pai. Karla alikuwa na siagi mpaka kwenye viwiko."

"Maskini wa Mungu. Na alikuwa anatulisha sisi."

"Mwenyewe amesema. Anasema ni mikono yake."

Verlyn alisikia yote hayo akiwa amesimama karibu na meza ndogo ya Britta, yenye kikombe kimoja kilichogeuzwa. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini huyu hakuficha maradhi yake, aliyaficha ya kumwua mtoto wa mwenzake, na bado akajimiminia kahawa ya pili.

Mtoto alitoka hospitali. Siku iliyofuata Arlys alivuka barabara kwenda kumwona, akarudi. Alivua koti, akaketi.

"Yule binti atakwisha, Verlyn. Hamgusi mtoto. Amevaa glavu za mpira, amekaa kwenye kona ya jikoni, anasema hapiki tena. Orrin ndiye anayemlisha, na kiti chake hakiingii chini ya meza, uji wote unamwagikia mapajani. Mtoto analia anamtaka mama yake. Mama anamwambia, usinisogelee."

Verlyn alikuwa anatazama dirishani.

"Na sahani yake iko hapa bado," alisema Arlys. "Ipeleke. Nimeoka biskuti, sikutia siagi wala maziwa, nimetia mafuta ya nazi. Nimeosha kila chombo mara mbili. Zipange humo. Sahani ya mtu hairudi tupu."

Asubuhi Verlyn alipiga simu mbili, kwanza kwa kampuni yake, kisha kwa wanunuzi wa soya ya Orrin. Akavaa koti lake la shamba, akapanda pikapu na sahani ya biskuti kando yake. Barabara ile angeweza kuivuka kwa miguu. Alisimamisha gari katikati ya njia akazitazama zile biskuti. Kwenye kiti palikuwa na punje za soya. Kwenye mikunjo ya mikono ya koti lake palikuwa na punje za soya. Ya nani, ya Orrin au yake, hakujua, na hilo ndilo lililomkata maini. Hakuna kitu cha kutoka nyumbani kwake kilichofaa kuingia kinywani mwa mtoto yule. Akazitoa biskuti moja moja, akaziweka nyuma ya pikapu. Akalivua koti pia, akaliacha humo, akaingia uani kwa Orrin akitetemeka kwa baridi na sahani tupu mkononi.

"Ingia, ingia, unaganda huko!" Orrin alimkaribisha, kisha akaiona sahani. "Ala! Tupu? Arlys kagoma? Au umekula njiani, mlafi wewe?"

Karla alikuwa kwenye kona, kama Arlys alivyosema. Glavu zilikuwa za njano. Hakunyanyua kichwa.

"Karla," alisema Verlyn, "vua hizo glavu."

"Niache, Verlyn."

"Si wewe. Si pai zako wala mikono yako. Ni mimi. Sikuisafisha mashine."

Alisema akiwa amesimama, sahani ameishika kwa mikono miwili. Alieleza kuhusu kompresa, mlango mmoja aliofungua, ndoo ya kwanza, na soya yake iliyokuwa ndani ya ndoo hiyo. Orrin alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa mwekundu, halafu ukawa mweupe.

"Kwa hiyo ipo na ghalani kwangu."

"Ipo."

"Na soya ya ghala lile inaenda kwa watu wanaotengeneza maziwa ya watoto kama Britta."

"Nimewapigia leo. Haitatoka hata punje. Utachukua yangu ya shamba la kusini, ile ya kawaida, itavunwa na mashine ya Duane. Hii nitaitoa mwenyewe."

Orrin alivuta pumzi ndefu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulitoka hata pale. "Mvua ilikuwa inakuja," alisema taratibu. "Ulikimbia ili uje kunisaidia mimi. Mashine inaweza kumshinda mtu yeyote, jirani. Kosa ni kosa."

Loo, jinsi maneno hayo yalivyokuwa matamu! Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana, wa kupita na heshima yake yote. Angesema asante tu, aondoke.

"Ulijua lini?"

Karla alikuwa amenyanyua kichwa.

"Nini?"

"Ulijua lini kwamba ndoo imetoka na soya yako? Leo? Jana? Lini?"

Leo. Neno lenyewe dogo. Hata Orrin alikuwa anamtazama kama anayemwomba alitamke.

"Ulipoleta pai," alisema Verlyn.

Kwenye chumba cha pili Britta alikuwa anaimba peke yake huku akichora.

"Kabla hajanywa," alisema Karla.

"Kabla."

"Kwa hiyo uliposimama hapa. Unatafuta kijiko."

"Ndiyo."

"Bakuli lilikuwa hapa. Mkono wako ulikuwa hapa." Aliuweka wake palepale, na glavu yake ya njano. "Nikakupa sahani yangu. Nikacheka na wewe. Na wewe ukaniambia asante."

"Ndiyo," alisema Verlyn. Hakulia, ingawa uso ulimwaka kama aliyechapwa.

Orrin alikigeuza kiti chake polepole mpaka akawa anatazama ukuta.

Karla alisimama. Alivua glavu, moja, halafu ya pili, akaziacha zidondoke sakafuni. Akaichukua sahani mikononi mwa Verlyn, akaenda kwenye sinki, akafungulia maji ya moto. Aliiosha. Akaisuuza, akatia sabuni tena, akaiosha tena, mikono yake mitupu ikiwa myekundu ndani ya mvuke.

"Karla, mwanangu, inatosha," alisema Orrin bila kugeuka.

Akaifuta vizuri kwa kitambaa cheupe, chini na juu, utepe wenye jina lake ukabaki. Kisha akaitia mikononi mwa Verlyn.

"Kaa nayo."

"Karla..."

"Kaa nayo. Humu ndani sitaipikia tena."

Verlyn alitoka. Alikuwa kwenye ngazi ya baraza aliposikia droo ikifunguliwa, sufuria ikiwekwa juu ya jiko, na sauti ya Karla, yenye kutetemeka, ikiita: "Britta! Njoo kwa mama. Njoo nikupikie." Miguu midogo ikakimbia juu ya sakafu ya mbao. Verlyn alisimama kidogo akisikiliza, kisha akaona hata kusikiliza si haki yake, akaenda garini.

Arlys alikuwa dirishani akimwona anavuka barabara. Alipoingia, mumewe aliiweka sahani mezani, safi, tupu, jina likiwa chini.

"Hukuwakuta?" aliuliza Arlys.

"Nimewakuta."

Arlys aliitazama sahani, akamtazama Verlyn asiye na koti, akavuta kiti akakaa, akasubiri aambiwe.